Funga na Fungua: Gari la Kuamriwa kwa Sauti na Kiswahili cha Kando ya Ziwa Mweru

Mada kwa semina ya madereva na walimu wa lugha, Kenani, Wilaya ya Nchelenge, Zambia



1. Utangulizi

Gari lililotumika likitoka Japani, mara nyingi huja na sauti yake. Dereva anawasha injini, na kabla hajaingiza gia, mwanamke asiyeonekana anamtolea sentensi nzima ya Kijapani. Maana yake ni ndogo tu: kadi ya kulipia barabara kuu za huko kwao haijachomekwa. Mfumo huo wa malipo ulianza Japani mwaka 2001, na vifaa vyake vimesafiri ndani ya magari hadi Dar es Salaam, Lusaka na Lubumbashi, ambako kadi hiyo haina kazi. Dereva huzoea, abiria hucheka, na gari huendelea kudai kadi yake kila asubuhi. Hasara hapo ni ndogo, kwa kuwa gari linasema tu na dereva ana hiari ya kulipuuza. Siku hizi, hata hivyo, magari yanasikiliza. Ford walitoa mfumo wao wa SYNC mwaka 2007. Mercedes-Benz wakaleta mwaka 2018 mfumo unaoamka dereva anapoutaja jina. Na katikati, mwaka 2014 na 2015, CarPlay na Android Auto zikaiunganisha simu na dashibodi. Gari linaposikiliza na lisielewe, anayeumia ni yule aliyeshika usukani.

Hoja yangu ni moja. Dereva wa kando ya Ziwa Mweru hana haja ya gari la kupiga nalo soga. Anahitaji gari linalojua maneno kama ishirini, liyajue kama yanavyotamkwa huku, na liyajue hata pasipo mtandao. Maneno hayo yachaguliwe na wasemaji wenyewe, kwa sababu lugha zetu zina mtego ambao mhandisi anayeanzia kwenye Kiingereza hawezi kuuona.

2. Faida ya sauti na gharama yake

Tuelewane kwanza amri za sauti zinatawala nini. Breki na usukani hazimo. Zilizomo ni kazi ndogondogo zinazoiba macho na mikono: kupiga simu, kubadili redio, kupunguza kiyoyozi, kushusha vioo, kuuliza njia. Kazi hizo zina gharama inayopimika. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 katika sekunde moja. Dereva akiangalia skrini kwa sekunde mbili, amepita mita 44 bila kuona mbele. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2013, iliwashauri watengenezaji kwamba mtazamo mmoja kwenye kifaa usizidi sekunde mbili, na kazi nzima isizidi sekunde 12 za macho. Kwenye barabara kuu pana, yenye uzio na njia mbili kila upande, huenda mita 44 zikasameheka. Kwenye barabara inayofuata ziwa, ambako baiskeli imebeba magunia mawili ya mkaa, mama amejitwika beseni la samaki wadogo wa chisense, na mbuzi hajaamua upande wa kuvukia, mita 44 ni nyingi mno. Mwezi Machi, marufuku ya uvuvi iliyoanza Desemba inapokwisha, wachuuzi wa samaki hurudi njiani kwa wingi. Kwa hiyo wazo la kuyaacha macho barabarani na kuutumia mdomo ni wazo zuri.

Lakini mdomo nao una gharama. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, kwa ufadhili wa taasisi ya usalama ya AAA, waliwapima madereva waliotumia amri za sauti katika magari mapya, na mwaka 2015 wakaeleza kwamba katika mifumo mibaya kabisa akili ya dereva iliendelea kuvurugika kwa muda unaofika sekunde 27 baada ya amri kumalizika. Macho yapo mbele, mikono ipo kwenye usukani, ila akili bado inajadiliana na mashine. Kwa mwendo ule wa kilomita 80, sekunde 27 ni mita 600. Jambo la kuzingatia ni kwamba mifumo haikufanana. Mingine ilichosha zaidi, mingine kidogo. Mazungumzo marefu, maswali ya mashine, kosa na kurudia, ndiyo mzigo. Hapa ndipo lugha inapogeuka kuwa suala la usalama: dereva asiyesikika vizuri hurudia amri, na kila marudio ni mita nyingine za barabara zisizo na mwenyewe. Kifaa kilichomlinda mmoja kinamhatarisha mwingine, na tofauti yao ni lafudhi tu.

3. Mtego ulio ndani ya lugha zetu

Mashine haielewi neno kama tunavyoelewa sisi. Maikrofoni, ambayo kwa kawaida hukaa darini karibu na kioo cha kati, hupokea mawimbi ya sauti. Programu huyakatakata vipande vidogo, hulinganisha kila kipande na ilivyofundishwa, kisha hukisia neno lenye uwezekano mkubwa. Programu inayokubali sentensi yoyote ina maelfu ya maneno ya kukisia kati yake. Programu yenye maneno 20 ina 20 tu, kwa hiyo hukosea mara chache, hutosha ndani ya kifaa kidogo, na haihitaji kupeleka sauti kwenye kompyuta za mbali. Sasa ongeza mazingira yetu: madirisha yamefunguliwa, changarawe inapiga sakafu ya gari, abiria wanaongea. Ngurumo ya injini iko chini, katika sauti nzito; upepo unafunika sauti nyembamba kama s, sh na f. Mashine inabaki na mabaki ya neno.

Katika mabaki hayo ndimo mtego ulimo. Kiingereza hutumia maneno mawili yasiyo na undugu kwa kufunga na kufungua. Lugha za Kibantu hufanya vingine: huchukua mzizi mmoja na kuugeuza kwa kiambishi. Funga, fungua. Ziba, zibua. Kunja, kunjua. Ni utaratibu mzuri sana kwa mtoto anayejifunza lugha, na ni utaratibu wa hatari kwa maikrofoni, maana amri mbili zilizo kinyume kabisa zinatofautiana kwa irabu moja dhaifu katikati ya neno. Kibemba, lugha ya majirani wetu, hakituponyi: isala ni funga, isula ni fungua. Shimo moja likipita chini ya tairi wakati wa irabu hiyo, mlango uliotakiwa kufungwa unafunguka. Washa nayo inakaribiana na wacha, na amri ya kuwasha taa inakuwa amri ya kuziacha kama zilivyo.

Hapa Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa kina zawadi ambayo haijathaminiwa. Watu waliofika Kenani mwaka 2017 wakitokea Kongo, na wengi wao wakahamia makazi ya wakimbizi ya Mantapala tangu mwaka 2018, walikuja na Kiswahili cha Katanga pamoja na lugha zao nyingine. Katika Kiswahili hicho mtu ni mutu, watu ni batu, vitu ni bintu, kuja ni kuya, na fungua ni fungula. Mwalimu wa sarufi sanifu ataiwekea fungula alama nyekundu. Mhandisi wa sauti angeipigia makofi, kwa sababu ile l iliyobaki inaipa mashine silabi kamili ya kushika: funga kwa upande mmoja, fungula kwa upande mwingine. Kwa maneno mengine, lahaja inayodharauliwa kama Kiswahili kibovu inafaa zaidi kwa kazi hii kuliko ile iliyosanifiwa tangu mwaka 1930 kwa msingi wa Kiunguja. Sisemi kwamba Kiswahili sanifu kina kasoro. Nasema kilisanifiwa kwa ajili ya vitabu na shule, wala si kwa ajili ya gari linalotikisika.

4. Pingamizi na majibu

Pingamizi la kwanza ni la umaskini: magari hayo hayapo hapa, kwa nini tujisumbue? Jibu liko kwenye ile sauti ya Kijapani. Magari yetu ya leo yalikuwa mapya ya wengine miaka kumi au kumi na tano iliyopita; yanayosikiliza huko leo yatapaki Kashikishi, hapa wilayani, kesho kutwa, yakiwa na lugha yaliyozaliwa nayo. Tukingoja yafike ndipo tuanze kuuliza, tutakuwa tumekwisha kukabidhiwa mdai kadi mwingine. Isitoshe, simujanja zimekwisha kufika, na simu iliyofungwa kwenye dashibodi ni mfumo wa sauti tayari.

Pingamizi la pili husema dereva ajifunze Kiingereza, maana ndiyo lugha rasmi ya Zambia. Kujifunza Kiingereza ni jambo jema, ila halitoshi. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walichapisha ulinganisho wa mifumo mitano mikubwa ya kutambua sauti, ya Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft. Kwa wasemaji Wazungu mifumo ilikosea wastani wa maneno 19 katika kila 100. Kwa Wamarekani Weusi ilikosea 35. Hao ni watu waliozaliwa ndani ya Kiingereza. Ikiwa mashine haiwasikii wenye lugha kwa sababu ya lafudhi, mtu wa Pweto, Kongo, aliyejifunzia darasani asitarajie upendeleo. Tena mtu aliyeshtuka hachagui lugha. Ulimi hurudi nyumbani.

Pingamizi la tatu lina nguvu zaidi: Kiswahili kimekwisha kuingizwa kwenye mashine, basi kazi imekwisha. Ni kweli kwamba Google iliongeza Kiswahili katika uandishi kwa sauti mwaka 2017, na kwamba mwaka 2021 Mozilla ilipata dola milioni 3.4 za kukusanya sauti za Kiswahili katika mradi wake wa Common Voice, ambamo watu husoma sentensi kwa hiari yao na yeyote anaweza kutumia sauti hizo. Kibemba nacho kina hazina ya BembaSpeech, yenye zaidi ya saa 24 za sauti zilizosomwa. Haya ni mafanikio, na pendekezo langu linasimama juu yake. Lakini mtu anayesoma sentensi ametulia chumbani, na dereva anapaza sauti juu ya changarawe. Msomaji huyo husema fungua kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa, hata kama nyumbani kwake husema fungula. Sauti iliyosomwa si sauti iliyoamrisha.

La nne ni la hofu, nami naiheshimu. Mtu aliyekimbia vita ana sababu ya kuogopa chombo kinachosikiliza na kutuma maneno yake asikokujua. Zambia ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2021, lakini ulinzi ulio bora ni sauti kutotoka garini hata kidogo. Orodha fupi ya maneno inawezesha jambo hilo: kifaa kinasikia, kinatenda, kinasahau. Anayetaka gari la kuzungumza kila kitu hana budi kukubali mtandao, bando na msikilizaji wa mbali.

5. Mapendekezo

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, amri zianze kwa kubonyeza kitufe kwenye usukani, si kwa kuliita gari jina lake wala kwa gari kuamka lenyewe, ili maongezi ya abiria yasigeuke amri. Pili, kila amri iwe ya pumzi moja na isiyo na pacha wa kinyume: kwa madirisha tuseme shusha kioo na pandisha kioo, kwa taa, baada ya kuiondoa washa, tuseme leta taa na zima taa. Panapobaki funga, mwenzake awe fungula. Kosa likitokea, gari lilie mlio mfupi na kunyamaza, lisiulize maswali. Tatu, sauti za kufundishia zirekodiwe ndani ya magari yanayotembea kwenye barabara hizi, kwa wanaume na wanawake, wa Kiswahili cha Katanga, cha Tanzania na wa Kibemba.

Kuchagua maneno hayo hakuhitaji kompyuta, na tunaweza kuanza alasiri hii uwanjani. Mmoja akae nyuma ya usukani na kutoa amri, injini iwake, vioo vishushwe, abiria waongee kama kawaida yao. Mwingine akae kiti cha nyuma, macho yamefumbwa, ainue mkono kwa amri ya kufungua na aushushe kwa amri ya kufunga. Wabadilishane lahaja na lugha, na mwalimu mmoja ahesabu makosa. Neno ambalo sikio la binadamu linalikosea ndani ya gari, mashine isikabidhiwe.