Eng'ol, Sweta Kuukuu na Uzi wa Gunia
Mazungumzo kwa vikundi vya wasusi na wafumaji, Lodwar na Kakuma



Mgeni anayeingia Lodwar kwa mara ya kwanza hakawii kuviona vikapu. Vimepangwa kando ya barabara penye kivuli, pamoja na kofia, mikeka na mafagio, na mwenye navyo kwa kawaida ana kingine magotini ambacho hakijamalizika. Karibu bidhaa zote hizo hutoka katika mti mmoja: eng'ol, ambao watu wa pwani huuita mkoma. Huko pwani jani lake lililochanwa huitwa miyaa, nalo husukwa mikeka na mikoba. Huku Turkana mti huo hutoa pia paa la nyumba na tunda la kutafuna wakati wa njaa.

Jani linalotafutwa na msusi si lolote. Ni lile changa la katikati, ambalo bado limejikunja kama mwavuli uliofungwa. Likikaushwa huwa jeupe na laini, na hupokea rangi vizuri. Jani la zamani lililokwisha kufunguka na kupigwa na jua ni gumu, tena huvunjika kwenye mkunjo. Shida huanzia hapo. Kila tawi la mkoma lina kitovu kimoja tu cha kukulia, na jani changa hutoka papo hapo. Anayekata jani moja akayaacha yanayofuata hajauumiza mti sana. Anayerudi kila wiki huudhoofisha, na anayezamisha panga ndani mno akakata kitovu chenyewe amelimaliza tawi hilo. Tawi la mkoma likikatwa kichwa halichipui tena kama mgunga.

Wazee wa Turkwel hawakuhitaji semina kuyajua hayo. Kwa desturi ya ekwar, familia huwa na sehemu yake kando ya mto, na miti iliyo hapo haiguswi bila ruhusa. Asiye mwenyeji huomba kwanza. Desturi hiyo bado ina nguvu, lakini ilikua wakati ambapo tegemeo la kwanza la nyumba lilikuwa mifugo. Ukame wa misimu mitano mfululizo ulioanza mwishoni mwa 2020 uliua mifugo mingi sana, na mama aliyepoteza mbuzi wake hugeukia kazi ambayo mtaji wake ni mikono na jani. Mikono imeongezeka. Mikoma haijaongezeka.

Swali la leo limezaliwa hapo: ni nyuzi gani nyingine zilizopo Turkana ambazo msusi anaweza kuzitia kazini, ili jani changa litumike mahali ambapo hakuna kingine kinachofaa?

Wapo watakaosema kwamba kikapu cha asili hakichanganywi na vitu vya kuokota. Hao wakiangalie kiondo. Wanawake wa Kikamba na Kikikuyu walikisuka kwa nyuzi za magome ya vichaka, na Ukambani kwa gome la mbuyu pia. Gome la ndani lililainishwa kwa kupondwa au kutafunwa, kisha likasokotwa juu ya paja hadi likawa uzi. Mkonge ulikuja baadaye sana. Asili yake ni Mexico, na aliyeuleta Tanga mwaka 1893 kupitia Florida ni Mjerumani Richard Hindorf. Miche iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Mkonge ulipoenea hadi Kenya, wasusi waliupokea kwa sababu uzi wake ni mrefu na hautafunwi. Baada ya miaka mingi kiondo cha katani ndicho kilichokuwa kikiitwa cha asili. Kisha zikaja sweta kuukuu. Wasusi walizifumua, wakapata rangi ambazo hakuna mzizi wala gome linalozitoa, na siku hizi mtu akitaja kiondo, wengi huiona kwanza ile mistari ya rangi. Hakuna aliyewapa ruhusa. Waliona uzi, wakautumia.

Sweta Lodwar? Anayecheka ana haki ya kucheka. Kondoo wa Turkana wenyewe wana nywele fupi, hawana sufu ya kusokota, na jua la mji huu halimpi mtu sababu ya kuvaa sweta isipokuwa mwanafunzi anayelazimishwa na sare yake. Lakini hiyo ndiyo faida. Sweta nzito katika mtumba haina wagombea wengi hapa, na kwa mfumaji sweta ni uzi mwingi uliokwisha kutiwa rangi.

Kabla ya kununua, igeuzeni ndani nje mtazame mshono wa ubavuni. Ikiwa kingo zimekatwa kwa mkasi na kushonwa kwa nyuzi nyingi za kuzuia kuchanika, iacheni. Ukiifumua utapata vipande vifupi vya urefu wa mkono. Ikiwa kila upande umefumwa hadi ukingoni na kuunganishwa kwa uzi mmoja, hiyo itafumuka kwa mfululizo kuanzia shingoni hadi pindo la chini. Uzi ukitoka huwa umejikunja kama nywele zilizosukuliwa. Uzungusheni kwenye miguu ya stuli, ufungeni sehemu nne, uosheni, kisha uanikeni kivulini na kitu kizito chini yake. Sufu halisi hunyooka vizuri. Ile ya viwandani hubaki na mkunjo kidogo, nayo haina neno kwa kikapu.

Kakuma, umbali wa kilomita 120 hivi kutoka Lodwar, iko mbali na mikoma ya Turkwel na ina hazina nyingine. Kambi ilifunguliwa mwaka 1992, na kwa miaka mingi chakula cha msaada kilifika katika magunia. Gunia la plastiki limefumwa kwa utepe mwembamba bapa, na mdomo wake umeshonwa kwa mashine kwa mshono wa mnyororo. Anayeijua ncha ya kuvuta hulifungua kwa mvuto mmoja, na uzi wote humjia mkononi ukiwa mzima. Asiyeijua huchukua kisu, akabaki na vipande. Watoto wa Kakuma wanaijua ncha hiyo. Uzi wenyewe ni imara, na hufaa kushonea ukingo wa mkeka au kufumia kwa sindano ya kroshia.

Tangu mwaka 2015, kwa mpango wa Bamba Chakula, sehemu ya mgao ilianza kuja kwa njia ya simu badala ya gunia, kwa hiyo anayetaka gunia tupu siku hizi huenda akalazimika kumwona mwenye duka. Bado ni malighafi ya bei ndogo. Utepe wake ukichambuliwa polepole kutoka upande mmoja hutoka mrefu, na mfuko wa sokoni uliofumwa kwa utepe huo hubeba viazi bila kulalamika.

Lakini kuna mambo mawili ambayo muuzaji hana budi kuyajua. Plastiki ya gunia huliwa na jua. Gunia lililoachwa juu ya paa kwa muda mrefu hupasuka na kuwa unga mkononi, na kikapu kilichosukwa kwa utepe huo kikianikwa nje kitaishia hivyo hivyo. Pia huyeyuka kwa joto, kwa hiyo kisitengenezwe kitu cha kuwekea sufuria iliyotoka motoni. Mteja aliyeunguziwa meza harudi.

Kuna jambo lingine la Kakuma ambalo Lodwar haijalitumia vya kutosha, nalo ni milaya. Hizo ni shuka za pamba ambazo wanawake wa Sudan Kusini huzidarizi maua na ndege kwa nyuzi za rangi kali, kisha wakazitia ukingo wa kroshia. Vita vimewahamisha mara nyingi, na kazi hiyo wamehama nayo, kwa kuwa sindano haina uzito. Kwa upande wao wanawake wa Kisomali wana ujuzi wa mikeka ya kufunikia nyumba za kuhamahama, ambayo baadhi yake hutengenezwa kwa nyuzi za gome la mgunga. Katika soko moja, basi, kuna watu wanaojua jani, wengine pamba, wengine gome, na mara nyingi kila mmoja huuza peke yake.

Chukueni mfano mmoja. Mnunuzi wa mjini hupenda kikapu cha eng'ol lakini hulalamika kwamba hakifungiki. Pochi na simu vinaonekana na kila apitaye. Msusi wa Lodwar anaweza kukimaliza kikapu chake chini kidogo ya kimo cha kawaida, na mdarizi wa Kakuma akashona juu yake kola ya kitambaa chenye maua na kamba ya kuvuta. Jani limepungua, bidhaa imekuwa mpya, na wawili wamelipwa. Maelewano ya nani apate ngapi yafanywe kabla ya kazi kuanza, yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari. Vikundi vingi huvunjika kwa hesabu kuliko kwa kukosa wateja.

Kina baba nao wasijione wageni katika mazungumzo haya. Kule Kalokol, mvuvi anayerekebisha wavu wake anafuma, hata kama hataki kuitwa mfumaji. Wavu uliochakaa huwa na sehemu nyingi ambazo bado ni nzima, na kamba zake za pembeni zimesokotwa imara. Zikioshwa kwa sabuni mara kadhaa hadi harufu ya samaki iishe, zinafaa kuwa mikono ya vikapu vikubwa, mahali ambapo jani hukatika kwanza. Tena wavu usiotupwa ufukweni hauendelei kunasa samaki na ndege bila mwenyewe.

Duniani si Turkana peke yake iliyopita njia hii. Huko Afrika Kusini, walinzi wa usiku wa Kizulu walianza kuzungushia fimbo zao mabaki ya nyaya za simu zenye rangi, kwa kupitisha muda. Kutoka hapo zikazaliwa bakuli za waya ambazo leo huuzwa katika maduka ya sanaa ya nchi za mbali.

Turudi kwenye kikapu cha kawaida cha Lodwar, kile kinachozungushwa duara juu ya duara. Ndani ya kila mzunguko kuna moyo, yaani kitita kinachofunikwa na jani linalozungushwa kwa shazia. Moyo hauonekani. Hata hivyo wapo wanaoujaza jani changa lile lile la juu, kwa kuwa ndilo lililo karibu. Hiyo ni hasara ya wazi. Moyo unaweza kuwa wa jani la zamani lililolowekwa usiku kucha, wa nyasi ngumu, au wa katani kutoka kamba kuukuu. Jani changa libaki kuwa la juu, linaloonekana na kushikwa. Utepe wa gunia pia unaweza kuingia humo, lakini hapo msusi awe mkweli: anayeuza kikapu kwa jina la eng'ol tupu, na ndani kuna plastiki, atagunduliwa siku kikapu kitakapochanika, na jina litakaloharibika ni la Lodwar nzima.

Jina lenyewe lina thamani. Kiondo kilipopendwa ng'ambo, viwanda vya Asia viliiga umbo lake kwa mashine na kukiuza kwa bei ambayo mkono wa binadamu haiwezi. Wasusi wa Taita walichukua hatua ya kusajili alama ya pamoja ya vikapu vyao katika taasisi ya haki miliki za viwanda ya Kenya. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Semi za Kitamaduni ya mwaka 2016 imezipa serikali za kaunti jukumu la kusajili maarifa ya jamii zilizo katika maeneo yao. Sajili haiwezi kujazwa na maafisa walioketi ofisini. Inahitaji mama anayejua mshono fulani unaitwaje, ulitoka kwa nani, na rangi ya kahawia hupatikana kwa mzizi gani na kuchemshwa muda gani. Wengi wanaojua hayo ni wazee, na hawajaandikwa.

Kwa anayetaka kuanza kesho asubuhi, kazi iwe ndogo. Asuke kikapu cha ukubwa wa sahani, alfajiri kabla ya joto, kopo la maji likiwa kando yake maana jani hukauka upesi. Moyo uwe wa jani la zamani, mstari mmoja uwe wa uzi wa sweta, mkono uwe wa kamba ya wavu. Kabla hajaanza ahesabu majani machanga aliyonayo, na akimaliza ahesabu yaliyobaki.