CHUMBA CHA TRANSFOMA SI STOO

(Maneno yaliyosomwa na wanachama wa reli katika mkutano wa wafanyakazi, Nairobi)



Leo hatukuja kusema juu ya mshahara. Tumekuja kusema juu ya mlango mmoja ambao wengi wenu mnaupita kila asubuhi.

Wengi wetu tunakaa Kangemi, Kawangware na Dagoretti. Huko transfoma hutundikwa juu ya nguzo. Upepo waipiga, na ikishika moto, moto uko nje. Lakini tukishuka katikati ya mji, au Westlands penye majumba marefu, mara nyingi transfoma imo ndani ya jumba, chini ya miguu ya watu. Ndiyo sababu chumba chake kina masharti.

Stima yafika hapo na nguvu ya volti 11,000, nayo transfoma huipunguza iwe volti 415 za mashini na 240 za taa. Ndani mna nyaya za shaba zilizozungushwa kwenye chuma, nazo hutoa joto mchana na usiku. Nyingi zimejazwa mafuta ya kuzipoza, na mafuta hayo huweza kuwaka. Ziko za aina kavu, zisizo na mafuta, lakini hata hizo zataka hewa.

Vipimo hutofautiana nchi kwa nchi, ila shabaha ni moja. Kanuni za Marekani, kwa mfano, zataka chumba cha transfoma ya mafuta kwa kawaida kiwe na kuta za kuzuia moto kwa saa 3. Kizingiti cha mlango kisipungue inchi 4, ili mafuta yakimwagika yasitoke. Mlango ufungwe kwa kufuli, lakini fundi aliye ndani aweze kuusukuma na kutoka mara moja. Mabomba ya maji ya jumba yasipite humo. Na vitu visiwekwe humo kabisa.

Ndugu, hilo la mwisho ndilo lililotuleta. Baadhi yetu tuliingia jumba moja la mjini, tukakuta mlango wa transfoma wazi. Ndani mlikuwa na mifagio, makatoni, na makoti ya mvua yameanikwa. Tulimwuliza mama mmoja mfagiaji kwa nini. Akajibu, "Wanangu, nguo hukauka upesi hapa. Na tungeweka wapi? Hatukupewa chumba kingine."

Tulinyamaza, maana alisema kweli. Makatoni yale yalikuwa kuni zinazongoja moto, na yalikuwa yameziba tundu la hewa. Tena kwa volti 11,000 si lazima uguse ndipo ufe. Kukaribia mno kwatosha. Lakini kosa halikuwa la mama yule. Kosa ni la aliyemnyima mahali pa kuweka koti lake.

Kwa hiyo tukidai, tudai mambo mawili pamoja: chumba cha transfoma kiwe kitupu na kifungwe, na wafagiaji wapewe chumba chao. Tukidai la kwanza peke yake, mifagio itarudi kesho.

Sheria iko upande wetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema mfanyakazi akiona hatari kubwa aripoti kwa msimamizi wake, na asilazimishwe kurudi mahali pale mpaka hatari iondolewe. Penye wafanyakazi 20 au zaidi, lazima pawe na kamati ya usalama. Nayo Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 yataka kazi ya stima ifanywe na fundi mwenye leseni. Basi usikubali kutumwa humo na bisibisi kwa sababu tu wewe ndiwe uliye karibu.

Sisi wa reli tumefunzwa kwamba taa nyekundu haibishaniwi, hata na bwana mkubwa. Mlango ule nao una alama ya hatari. Kesho mkifika kazini, utazameni. Ukiwa wazi, mwambieni msimamizi, na mwakilishi wa chama aandike siku na saa.