Kosa la barabarani linakufuata kwa miaka mingapi?

Haya ndiyo niliyowaambia vijana wa Ruiru na Thika wiki hii, nimeyakatakata yawe uzi. Kanuni ni ile ile: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna chama. Hoja tu.

1. Kila msimu wa kampeni swali hili linarudi. Mmoja anasema madereva ni wahuni, rekodi zao zikae milele. Mwingine anashika maikrofoni pale Makongeni, anaahidi kufuta makosa yote ya vijana wa matatu na boda. Wote wanapigiwa makofi. Lakini hebu uliza: rekodi gani? Kwa sababu ziko mbili, na hawa wawili wanazichanganya.

2. Ya kwanza ni rekodi ya leseni, iliyo chini ya NTSA. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inaipa mahakama uwezo wa kuandika kosa kwenye leseni yako, kuisimamisha au kuifuta kabisa. Hii inakuhusu wewe kama dereva.

3. Ya pili ni rekodi ya jinai, iliyo kwa DCI. Ukikamatwa, polisi wanaweza kuchukua alama zako za vidole. Hii ndiyo inaangaliwa ukiomba cheti cha tabia njema: unajaza kwa eCitizen, unalipa shilingi 1,050, unapeleka fomu ya C24 na vidole vyako. Hii inakuhusu wewe kama mtu. Inaweza kukufuata hata ukiomba kazi ya ulinzi isiyo na usukani wowote.

4. Sasa angalia ukubwa wa makosa yenyewe. Kanuni za makosa madogo za 2016 zina bei kabisa. Bila mkanda, 500. Simu ukiendesha, 2,000. Kupanda au kushuka mahali pasipo steji, 1,000, na hiyo ni ya abiria! Ukizidisha mwendo kwa kilomita 6 hadi 10 kwa saa, 500; kwa 16 hadi 20, ni 10,000. Ukipita hapo, jedwali limeisha, unaenda kotini.

5. Tumchukue makanga wa mfano, wa namba 145. Ananaswa asubuhi, anafikishwa mahakamani Ruiru, anaulizwa: kweli au si kweli? Anasema kweli, kwa sababu kesi ikivutwa atapoteza siku za kazi. Analipa, anatoka, anadhani yameisha. Siku moja anataka beji ya PSV, na beji inataka cheti cha tabia njema. Kama vidole vyake viliingia kwa faili, ile asubuhi moja inamngoja hapo. Faini aliilipa mara moja. Adhabu ya pili hakuambiwa itaisha lini.

6. Hapa ndipo penye siasa. Adhabu isiyo na mwisho inalisha hongo. Mtu akijua kwamba kukubali kosa kihalali kunaweza kumchafulia jina miaka na miaka, kitu kidogo cha kando ya barabara kinaonekana rahisi. Kwa hivyo anayepiga kelele dhidi ya ufisadi wa karao, na papo hapo anataka rekodi za milele kwa kila kosa, anajipinga mwenyewe.

7. Lakini tusidanganyane kwa upande ule mwingine. Miaka hii ya karibuni zaidi ya Wakenya 4,000 wanakufa barabarani kila mwaka. Tangu Thika Road ipanuliwe, 2012, sote tunajua gari linavyopita pale likiwa limefunguliwa. Mzazi aliyezika mtoto ana haki ya kuuliza kama dereva yule alikuwa ameonywa mara tano kabla. Ukifuta kila kitu, umemficha huyo dereva. Aliyesahau mkanda na aliyeendesha akiwa mlevi hawawezi kuwekwa kapu moja.

8. Wengine wamefanyaje? Uingereza, pointi za makosa mengi, kama mwendo kasi, hukaa kwenye leseni miaka 4. Kuendesha ukiwa mlevi, 11. Na tangu 1974 wana sheria inayosema hatia nyingi za zamani zinahesabiwa zimekwisha baada ya muda. Si lazima tunakili miaka yao. Cha maana ni kwamba muda umeandikwa, na kila mtu anaujua kabla hajakosa. Kwetu hakuna sheria ya jumla ya namna hiyo.

9. Je, tuko mikono mitupu? Hapana. Katiba, kifungu cha 35(2), inakupa haki ya kurekebishiwa au kufutiwa habari isiyo ya kweli au ya kupotosha inayokuumiza. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inasema data isiwekwe kuliko inavyohitajika. Lakini kama ulihukumiwa kweli, kifungu cha 35(2) pekee hakitakuokoa. Rufaa kutoka kwa hakimu ina siku 14. Kwa hivyo kabla ya kusema "kweli" ili utoke haraka, jua unachokubali.

10. Tena: polisi na sheria za jinai ni kazi ya serikali ya kitaifa. Gavana hawezi kukufutia rekodi ya DCI. MCA wa Ruiru hawezi. Muda wa rekodi unahitaji sheria ya Bunge. Anayekuahidi kitu kisicho mikononi mwake anakuuzia hewa.

11. Basi akija kwenu, mwulize matatu. Unaongelea rekodi gani, ya leseni au ya jinai? Kosa gani likae miaka mingapi? Na ni kifungu gani cha sheria utabadilisha, ukiwa na kiti gani?

Akijibu yote matatu, mpigie makofi, hata kama hamkubaliani. Asipojibu, lete jibu lake hapa chini tulichambue pamoja.