Joto Linapoangusha Maua ya Nyanya
(Mazungumzo kwa vikundi vya wakulima wa Kitui na Makueni)



Kila Februari na Machi, na tena Septemba na Oktoba, swali ni lile lile kuanzia Kibwezi hadi Mwingi: nyanya zimechanua vizuri, mbona maua yanaanguka? Mkulima anayekimbilia chupa ya dawa ya kuvu mara nyingi hupoteza pesa zake, pengine za mkopo wa chama.

Ua la nyanya hujichavusha lenyewe. Mchana ukipita nyuzi 32 hivi, na usiku usiposhuka chini ya 21, chavua hufa na ua hukauka kwenye kikonyo. Hakuna dawa ya hilo. Usiku wa joto ndio unaosahaulika, na ndiyo sababu mkulima wa milima ya Kilungu anaweza kuvuna wakati yule wa Kibwezi anahesabu vikonyo vitupu.

Kwa hiyo kalenda huja kwanza. Mche hukaa kitaluni takriban wiki 4, kisha wiki 4 au 5 shambani kabla ya kuchanua. Anayesia mbegu Aprili hupata maua Juni, baridi ikiwa imeingia. Anayesia Januari kwa kufuata bei hupeleka maua yake Machi, jua likiwa kali, na bei nzuri ya kreti haimsaidii asiye na kreti.

Aliye na mimea shambani tayari bado ana la kufanya. Nyasi kavu zitandazwe kuzunguka shina ili udongo usichemke. Maji yatolewe alfajiri au jioni, kidogo kidogo lakini bila kuruka siku; kiu ya leo na mafuriko ya kesho huleta tunda linalooza kitako. Majani yasipunguzwe ovyo, maana hayo ndiyo mwavuli wa tunda. Mstari wa mbaazi upande wa magharibi hukinga jua la alasiri, na mbegu zake ziko karibu kila boma la Ukambani. Mbolea ya yurea isubiri. Huongeza majani tu.

Kuhusu nyumba za plastiki: maeneo ya chini, bila madirisha makubwa ya hewa, hizo ni tanuri. Neti ya kivuli inafaa zaidi.

Na maua ya kwanza yakianguka, mmea using'olewe kwa hasira. Joto likipungua, ule uliopata maji huweza kuchanua tena.