Anayepuliza tarumbeta hawezi kujibu

(Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu msikilizaji, juma hili nina barua mezani. Aliyeiandika ni mpenzi wa matarumbeta, na swali lake ni fupi. Mtu amelipa kiingilio, ameketi jukwaani kutazama mashindano ya bendi za vijana, na anachokiona hakimpendezi. Je, ana haki ya kuzomea? Mwenye barua anajibu mwenyewe kwamba anayo. Atoaye fedha, anasema, ana kauli. Na kijana anayeogopa kelele za watu asivae sare.

Swali hili si geni. Huko Marekani wamelibishania kwa miaka mingi, basi na tuanzie huko, kisha turudi pwani kwetu, kwa maana na sisi tunayo historia katika jambo hili.

Marekani wanayo mashindano makubwa ya bendi za tarumbeta na ngoma ambazo hupiga huku zikitembea kwa gwaride. Mengi ya makundi hayo yalianzishwa na vyama vya askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1972 chama kiitwacho Drum Corps International kilianza kuandaa mashindano ya kumpata bingwa. Wanaoshiriki ni vijana wasiozidi miaka 22. Hawalipwi hata senti. Wao ndio wanaolipa ada ili wapate nafasi. Kiangazi kizima husafiri usiku kwa mabasi, hulala sakafuni katika kumbi za michezo za shule, na mchana hufanya mazoezi juani tangu asubuhi hadi jioni. Yote hayo ni kwa ajili ya onyesho la dakika kumi na kidogo.

Mwaka 1993 kundi la Star of Indiana, kutoka mji wa Bloomington, liliingia uwanjani na muziki wa Samuel Barber na Béla Bartók. Kundi hilo lilikuwa limechukua ubingwa mwaka 1991, kwa hiyo halikuwa kundi la kubahatisha. Lakini muziki wa safari hii ulikuwa mgumu, wenye kimya cha ghafla na sauti zinazokwaruzana, wala haukuwa na wimbo ambao mtu angeondoka nao akiuimba njiani. Waamuzi waliusifu ustadi wa vijana wale na kuwapa alama za juu. Baadhi ya watazamaji wakawazomea. Katika fainali iliyofanyika Jackson, jimbo la Mississippi, Star walipata alama 97.3, na Cadets of Bergen County wakawashinda kwa alama 97.4. Baada ya msimu huo Star waliacha mashindano, wakaupeleka ufundi wao kwenye majukwaa ya maonyesho. Onyesho lililozaliwa na safari hiyo, Blast!, lilifika Broadway na kupata tuzo ya Tony mwaka 2001.

Wengi wanaoisimulia habari hii hupenda kuishia hapo, wakisema, mnaona, waliozomea waliaibika. Mimi siishii hapo. Tuchukulie kwamba muziki ule ulikuwa mbaya kweli, na kwamba hakuna tuzo yoyote iliyopatikana baadaye. Je, ingekuwa halali kuwazomea? Ikiwa tutasema kijana asizomewe kwa sababu huenda kesho akawa mtu mashuhuri, basi tumewaacha bila kinga wale wote ambao kesho watakuwa makarani, wauguzi na madereva. Nao ndio wengi.

Kwanza tuulize ni nani aliyechagua muziki. Si yule msichana mwenye tarumbeta. Walimu ndio walioketi miezi kadhaa kabla, wakachagua nyimbo, wakapanga hatua na sare. Hata kanuni za mashindano hupitishwa na watu wazima. Vipaza sauti viliporuhusiwa mwaka 2004, na vinanda vya umeme mwaka 2009, wapenzi wengi wa zamani walikasirika, na haki ya kukasirika walikuwa nayo. Lakini mkurugenzi aliyepiga kura ya kuvikubali hasimami katikati ya uwanja. Anayesimama pale ni kijana, na kelele ikishatoka jukwaani haichagui wa kumpata. Ndiyo maana nasema kumzomea mpigaji kwa ajili ya muziki aliochaguliwa ni sawa na kumgombeza mhudumu wa hoteli kwa chumvi iliyozidishwa na mpishi.

Jambo la pili ni la mwili wa binadamu. Tarumbeta haipigwi kwa vidole peke yake, hupigwa kwa midomo na pumzi. Midomo lazima iwe na unyevu na itetemeke kwa kipimo, na pumzi lazima itoke kwa utulivu. Sasa hofu hufanya nini? Hukausha kinywa, hubana kifua na kuharakisha pumzi. Mpiga ngoma aliyeogopa anaweza bado kupiga, maana ngozi ya ngoma haina habari na hofu yake. Mpiga tarumbeta aliyeogopa amekwisha. Nimeona katika viwanja vya shule zetu siku za mashindano, watoto wa shule pinzani wakianza kuzomea kabla bendi haijapiga hata noti moja. Mtoto aliye mbele anaramba midomo, anaramba tena, kisha linatoka lile koroma ambalo kila mtu analicheka. Hapo mzomeaji husema, mnaona, hajui kupiga! Anasahau kwamba koroma lile amelitengeneza yeye.

Najua kuna atakayeniambia, ewe mtangazaji, mbona mababu zetu walizomeana? Ni kweli. Tangu mwisho wa karne ya 19, Mombasa na Lamu watu waliunda vyama vya ngoma ya beni, wakaiga bendi za kijeshi za Wazungu, wakajipa vyeo, wakashona sare na kuandamana mitaani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza vyama vya Marini na Arinoti vilienea sehemu nyingi za Tanganyika. Kushindana ndiyo ilikuwa roho ya beni. Walishindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo za kejeli, na kejeli hizo zilikuwa kali.

Lakini angalia jinsi mambo yalivyokuwa. Walioshindana walikuwa watu wazima. Wote wawili walijua wanaingia katika mchezo wa maneno, na aliyekejeliwa alikuwa na watunzi wake. Leo umenikejeli, kesho nakuja na wimbo wangu, na mji mzima unasikiliza nani amemweza mwenzake. Yule alikuwa na kinywa, na huyu alikuwa na kinywa. Mtoto wa bendi ya shule kinywa chake kimezibwa na chombo, anatakiwa atazame mbele, apige hatua kwa hesabu na asigeuke. Hana wimbo wa kukujibu kesho. Kwa hiyo asije mtu akaniletea beni kuwa ushahidi wa kuhalalisha kuzomea watoto, maana ushahidi huo unamgeukia mwenyewe.

Hali kadhalika uko ukumbi wa Apollo, mtaa wa Harlem mjini New York, ambako tangu mwaka 1934 kumekuwa na usiku wa wasanii wasio na majina, na kuzomewa ni sehemu ya mchezo. Anayepanda pale anajua, na amejipeleka mwenyewe. Mtoto aliyepelekwa uwanjani na mwalimu wake kuiwakilisha shule hakutia saini mkataba wa namna hiyo.

Je, basi mtazamaji anyamaze tu, apige makofi kwa kila upuuzi? La hasha. Makofi ya uongo nayo hayamfundishi mtu. Mwenye barua amesema atoaye fedha ana kauli, nami nakubaliana naye. Ila kauli ina mahali pake. Ukichukizwa na uchaguzi wa nyimbo, mtafute mwalimu wa bendi, umwambie ana kwa ana. Ukiona waamuzi wamependelea, waandikie waandaaji, nakala mpelekee mhariri wa gazeti. Mwakani ukitaka usinunue tiketi. Na pale uwanjani, jifunze kwa watu wa taarabu. Katika taarabu anayefurahi huinuka akamtunza mwimbaji. Asiyefurahi hukaa kwenye kiti chake na noti yake mfukoni. Mwimbaji anaona, na anaelewa vizuri sana, lakini wimbo unafika mwisho wake.

Kwa walimu wetu ninalo ombi. Siku ya mashindano, kabla hamjapanga bendi zenu, pangeni kwanza wanafunzi watakaokaa jukwaani. Waambieni kwamba shule nayo itapimwa kwa namna inavyosikiliza wenzake. Na waandaaji wampe mshereheshaji ruhusa ya kusimamisha shughuli mpaka uwanja utulie, hata kama mgeni rasmi ana haraka.

Mwenye barua, nakushukuru kwa swali lako. Tiketi uliyokata imekununulia kiti, sauti ya tarumbeta, na haki ya kusema jioni hiyo kwamba hukupendezwa. Msubiri tu mtoto aishushe tarumbeta yake kwanza.

Kwa herini hadi juma lijalo.