Tuzibe Ufa Mapema

(Hotuba ya wauguzi wa jumuiya, sherehe za Uhuru, Takoma Park, Maryland)



Nyumbani, ugomvi ukizuka mtaani, mjumbe wa nyumba kumi huitwa kabla ya polisi. Huku hatuna mjumbe, lakini kazi yake ipo, na inalipiwa kwa kodi zetu.

Mwaka 2018 Maryland ilitunga sheria ya mfuko wa kuzuia vurugu, unaotoa ruzuku kwa serikali za mitaa na asasi zisizo za kibiashara. Mwaka 2024 Gavana Wes Moore alitia saini sheria ya kuanzisha kituo cha kuzuia vurugu za bunduki ndani ya Idara ya Afya. Maana yake, jimbo limekubali kuwa risasi ni suala la afya pia.

Sisi wauguzi tunalijua hilo. Kijana aliyechomwa kisu akishonwa na kurudi mtaa uleule na kisasi moyoni, hajapona. Ndiyo maana hospitali ya Shock Trauma, Baltimore, ilianzisha mpango wake mwaka 1998: mhudumu humfuata majeruhi kitandani, humsikiliza, humsaidia kupata ushauri nasaha, shule au kazi, na humfuatilia akisharuhusiwa. Wahudumu hao wanahitaji mishahara.

Aprili 2025 Wizara ya Sheria ya serikali kuu ilikatisha ruzuku zaidi ya 300, zikiwemo nyingi za kuzuia vurugu. Sasa fedha za jimbo zina uzito zaidi, na hupewa aliyeomba.

Bunge la Annapolis hufunguliwa Januari na hukaa siku 90 tu. Tunaomba mambo matatu. Kwanza, jumuiya iteue kamati ya kuwaandikia wawakilishi wetu na kwenda kuzungumza bajeti inapojadiliwa. Pili, tushirikiane na asasi yenye uzoefu kuomba ruzuku kwa ajili ya vijana wetu. Tatu, tupige kura. Hapa Takoma Park, tangu 1992 mkazi asiye raia anaruhusiwa kupiga kura za mji, na tangu 2013 hata kijana wa miaka 16. Ni kura za mji tu kwa asiye raia, si za jimbo wala za taifa, tusichanganye.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tunaopokea majeruhi tunaujua ukuta huo. Tuzibe ufa.