Manowari za Zamani: Nani Analipa, na Nani Anakumbukwa?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Soweto East, Kibera)



Nimeombwa niseme habari ya manowari za zamani zinazowekwa kuwa makumbusho: zinagharimu nini, na zina faida gani. Najua wengine mnaulizana, "Sisi watu wa Soweto East, tunaotafuta maji, vyoo na nyumba, manowari zatuhusu nini?" Swali hilo ni la haki, na sitalikimbia.

Zatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, fedha za kutunza vitu vya zamani mara nyingi hutoka katika mfuko wa watu wote, na mfanya kazi ni mmoja wa wanaoutia mfuko huo. Pili, mikono iliyounda meli hizo, ikazivuta na kuzitengeneza, ni mikono ya wafanya kazi, na katika nchi zetu mingi ilikuwa mikono ya babu zetu.

MZINGA ULIO FORT JESUS

Naanza na kitu kilicho karibu. Ye yote aliyeingia Fort Jesus, Mombasa, aweza kuuona mzinga mkubwa wa chuma uliotoka katika manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg. Manowari hiyo ilifika Dar es Salaam mwezi wa Juni 1914, na vita vikaanza miezi miwili baadaye. Tarehe 20 Septemba 1914 iliikuta manowari ya Kiingereza, Pegasus, imetia nanga Unguja ikitengenezwa mashine, ikaipiga na kuizamisha. Kisha ikajificha katika matawi ya mto Rufiji. Waingereza wakaizingira kwa miezi mingi, mpaka walipoleta manowari mbili ziwezazo kupita maji machache, Severn na Mersey. Tarehe 11 Julai 1915 Wajerumani waliona meli yao haiponi tena, wakaiharibu wenyewe.

Ndugu, vitabu vingi humaliza hadithi hapo, lakini kwa mfanya kazi ndipo inapoanza. Manowari ile ilikuwa na mizinga kumi ya sentimita 10.5. Yote ilitolewa mtoni, ikapelekwa Dar es Salaam, ikatiwa magurudumu, ikawa mizinga ya nchi kavu. Ni nani aliyeivuta matopeni na vilimani? Ni Waafrika, kwa kamba na mabega. Meli yenyewe ilikatwakatwa miaka mingi baadaye ikauzwa kama chuma chakavu, na mabaki yake yakamezwa na tope la Rufiji.

Hivi leo mzinga wa Königsberg na mzinga wa Pegasus iko pamoja Fort Jesus. Meli moja iliizamisha nyingine, na mizinga yao imekuwa jirani. Kuitunza si kazi kubwa: ikwanguliwe kutu, ipakwe rangi, ilindwe. Hesabu ya mzinga ni ndogo. Hesabu ya meli nzima ni jambo lingine kabisa.

GHARAMA YA MELI NZIMA

Sisi tunaoishi chini ya mabati tunajua kutu. Bati huanza na tundu la msumari, mwaka wa tatu maji yanaingia kitandani. Sasa fikirini nyumba ya chuma yenye urefu wa viwanja vya mpira, imesimama ndani ya maji usiku na mchana. Kutu haina sikukuu. Meli haingoji mpaka bajeti ipite bungeni.

Marekani wanayo manowari iitwayo Texas, iliyopigana katika vita vikuu vyote viwili na kufanywa makumbusho mwaka 1948. Chuma cha chini kililika hata pampu zikawa hazina budi kutoa maji mara kwa mara ili isizame. Mwaka 2019 bunge la jimbo la Texas lilitoa dola milioni 35 kwa matengenezo, na Agosti 2022 ikavutwa hadi gudi, yaani mahali meli hutolewa majini, huko Galveston. Mwaka huo huo, mwezi wa Aprili, manowari nyingine ya makumbusho, The Sullivans, ilipata tundu na kuzama nusu pale pale ilipofungwa, katika mji wa Buffalo. Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa naongeza: usipoziba tundu utainua meli.

Hata ya mbao haina nafuu. Manowari ya Sweden iitwayo Vasa ilizama mwaka 1628 katika safari yake ya kwanza, ikainuliwa mwaka 1961. Mbao zake zilinyunyiziwa dawa kwa miaka 17 ili zisipasuke zikikauka. Lakini watu zaidi ya milioni moja wamewahi kuingia humo kwa mwaka mmoja, nao hulipa kiingilio. Ni makumbusho machache yanayoweza kujivunia hivyo.

Nanyi msidhani kwamba sisi hatuna mfano wa meli iliyozama. Mwaka 1697, Fort Jesus ilipokuwa imezingirwa, merikebu ya vita ya Wareno iliyoundwa Uhindi, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya ngome. Wapiga mbizi waliichunguza katika miaka ya 1970 mpaka 1980. Vyombo, mizinga na vitu vingine vikatolewa na kuwekwa katika makumbusho ya ngome. Mwili wa meli ulipimwa, ukachorwa, ukafunikwa tena chini ya bahari. Kwangu mimi huo ni uamuzi wa busara. Walichukua elimu yote, wala hawakuiachia nchi deni la kunyunyizia mbao dawa kwa miaka mingi.

MELI ILIYOTUNZWA KWA KUFANYA KAZI

Sasa twende Ziwa Tanganyika. Mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, iliundwa meli ya Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika makasha 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na kupelekwa Kigoma. Mafundi wakaiunga upya, ikaelea mwezi wa Februari 1915. Wakati huo ulikuwa wa vita, nayo ikatiwa mzinga. Mzinga gani? Mmoja wa ile kumi ya Königsberg.

Julai 1916 Wajerumani waliamriwa kuizamisha isitekwe. Mafundi walioiunga ndio waliopewa kazi hiyo. Lakini fundi hapendi kuua kazi ya mikono yake. Wakazipaka mashine grisi nene, wakaijaza meli mchanga, wakaizamisha polepole ili siku moja iweze kuinuliwa. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Ndugu wanachama, grisi ile ya mafundi ilifanya kazi kuliko amri ya majenerali.

Liemba haikuwekwa kamba kuizunguka ili watu waitazame. Ilibeba dagaa, mahindi, akina mama na watoto, kutoka Kigoma kwenda kusini hadi Mpulungu, Zambia. Mwezi wa Mei 2015 iliwabeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga kuwapeleka Kigoma. Ilisimama mwaka 2018, na serikali ya Tanzania imekwisha kuweka mkataba wa kuitengeneza upya. Basi hapa tunaona njia ya tatu, isiyo ya kuitupa meli wala kuigeuza sanamu: itengenezwe, isafiri, ilipe mishahara, na historia yake isomwe na abiria wake.

JE, TUSEME ZITUPWE?

La, sisemi hivyo. Ipo manowari Uingereza iitwayo Belfast, imefungwa mtoni Thames mjini London, na watu wamekuwa wakiingia tangu Oktoba 1971. Mwezi wa Desemba 1961 manowari hiyo hiyo ilikuwa Dar es Salaam, na mabaharia wake walisimama gwaride la heshima Tanganyika ilipopata uhuru. Kijana wa Kiafrika anayeishi London aweza kukanyaga sitaha ile na kujua kwamba chuma hiki kilikuwapo siku bendera ya wakoloni iliposhuka. Karatasi haiwezi kumpa jambo hilo. Kitu cha kushikwa kina nguvu yake, na mwacha asili ni mtumwa.

Lakini kitu cha kushikwa chaweza pia kusema nusu ya habari. Kila manowari huandikwa jina la kapteni. Ni nani aliyeandika majina ya waliovuta? Katika vita vya 1914 hadi 1918 wapagazi wa Kiafrika walichukuliwa kwa mamia ya maelfu. Wanahistoria hukadiria kwamba waliokufa walikaribia 100,000, wengi kwa maradhi na njaa, si kwa risasi. Kariokor yetu hapa Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zilipata majina kutoka kwa kikosi chao cha wapagazi. Tunapanda basi kwenda Kariokor kila siku, na wengi hatujui kwamba tunataja jina la jeshi la vibarua.

Na hapa Kibera tuna ushahidi wetu. Jina lenyewe ni la Kinubi, maana yake msitu. Ardhi hii walipewa askari Wanubi wa Keya na jamaa zao. Babu zao walipigana vita vile, na wajukuu wakangoja hati ya ardhi mpaka mwaka 2017, walipopewa ya ekari 288. Mzinga wa adui ulipata mahali pa kukaa Mombasa mapema kuliko askari wetu kupata karatasi ya mahali pake pa kukaa Kibera. Nasema hivi si kwa uchungu. Nasema ili tujue kipimo cha haki.

MASWALI MANNE

Kwa hiyo, mtu akija kesho kusema chombo fulani cha vita kihifadhiwe kwa fedha za umma, iwe Mombasa, Kisumu au po pote, chama cha wafanya kazi kisiitikie tu wala kisikatae tu. Kiulize maswali manne.

La kwanza: ni nani atakayelipa mwaka wa kumi? Siku ya kufungua kuna bendi na hotuba. Mwaka wa kumi kuna kutu. Kama hakuna fedha iliyotengwa ya gudi na rangi, tusidanganywe. Rahisi huwa ghali.

La pili: watakaofanya kazi wataajiriwaje? Chombo kama hicho kinataka mafundi wa kuchomelea, wapaka rangi, maseremala, walinzi, wasafishaji na waongozi wa wageni. Hizo ni kazi za kweli. Ziwe na mshahara wa kudumu, glavu na miwani ya kazi, na ulinzi dhidi ya rangi za zamani zenye risasi na vumbi la asbesto, ambavyo viliuguza na kuua mafundi wengi wa meli duniani. Tusikubali historia itunzwe na vibarua wa siku moja moja.

La tatu: je, inatosha kutunza sehemu? Mzinga mmoja, nanga moja, kengele, picha na vipimo vyaweza kufundisha watoto wetu kwa fedha kidogo, kama ilivyofanywa kwa Santo António.

La nne, na kwangu ndilo kubwa: jina la nani litaandikwa? Mwanachama atakayekwenda Fort Jesus asimame mbele ya mzinga wa Königsberg, asome maandishi, aangalie kama mpagazi yumo. Asipomwona, atuletee habari, nasi tuandike barua ya heshima kwa wenye makumbusho. Barua haigharimu kama gudi. Kibao chenye maneno matano, "Mzinga huu ulivutwa na Waafrika", ni matengenezo ya bei ndogo kuliko yote niliyoyataja jioni hii.

Ndugu zangu, mimi si adui wa makumbusho. Mtoto wa Soweto East ana haki ya kuiona historia kama ana haki ya maji ya mfereji, wala sikubali aambiwe achague moja. Lakini akilipa kiingilio, naye amkute babu yake ndani. Hilo likifanyika, fedha yetu haikupotea. Lisipofanyika, tumelipia kutu ya mtu mwingine.

Bwana Mwenyekiti, naomba mkutano huu upitishe azimio kwamba barua hiyo iandikwe, na kwamba wazee wa Kibera wenye habari za Keya na Kariakoo waalikwe kusimulia katika mkutano wetu ujao, habari zao ziandikwe kabla hazijazama.